Nyumba Yenye Ngazi Mbili

Mimi nina ugomvi na nyumba. Watu wamo ndani ya ugomvi huo, nitawataja, lakini mshtakiwa wa kwanza ni nyumba yenyewe: matofali yake, milango yake, na hasa ngazi zake. Marafiki zangu hunicheka. Husema, wewe fundi, umri huu wote unagombana na ukuta? Ndiyo, nagombana na ukuta, kwa sababu ukuta ndio ulioanza.

Nilidhani ugomvi huo umelala. Mwaka huu, mvua za kwanza ziliponyesha Bungoma, nilikuwa kwenye kibanda changu cha kushonea nguo. Jirani alikuwa amerundika matofali ya kujengea, yale ya bei rahisi ambayo hayakuiva vizuri kwenye tanuri. Mvua ikayapiga, na harufu ikaingia kibandani: udongo, moshi mkuukuu, na ladha ya chuma kwenye ulimi. Mguu wangu ukaacha kukanyaga cherehani. Nyuma yangu Mama alikuwa anachambua maharagwe. Ninaishi naye siku hizi, yeye na fimbo yake. Nilipogeuka nikakuta mikono yake imesimama kwenye ungo. Nilijua kwamba naye ameisikia.

Nyumba ile iko kati ya Kitale na Moi's Bridge, juu ya mwinuko unaotazama mashamba ya mahindi. Aliijenga mzungu mmoja mwenye shamba, mtu aliyetaka Uingereza imfuate mpaka Trans Nzoia. Ilikuwa ya matofali mekundu, yaliyopangwa moja kwa urefu na moja kwa upana, hata ukisimama mbali ukuta unaonekana kama umefumwa. Mabomba ya moshi yalikuwa marefu kuliko miti aliyoipanda. Paa lilipanda na kushuka kwa pembe kali, eti theluji isirundikane. Theluji, Kitale! Madirisha yalikuwa ya vioo vidogovidogo vilivyoshikwa kwa vipande vya madini ya risasi. Ukipita mlango mkuu uliingia kwenye ukumbi wenye mahali pa kuotea moto panapoweza kulaza ndama, na kutoka ukumbini iliinuka ngazi ya mbao nyeusi, pana, ya taratibu, ngazi ambayo hata mzee wa miaka mingi angeipanda bila kuhema.

Hiyo ndiyo sura ya mbele. Ukizunguka nyuma uliona nyumba nyingine. Pale matofali yalikuwa yale yaliyoachwa na tanuri, yameungua nusu, na kila mvua iliyanyonya kidogo mpaka ukuta ukawa na mashimo unayoweza kuingiza ngumi. Dari ilikuwa chini. Kulikuwa na jiko, stoo, na vyumba viwili juu ya jiko. Kuvifikia vyumba hivyo ulipanda ngazi nyembamba iliyojibana ndani ya ukuta, bila dirisha, bila kishikio, yenye kona katikati ambapo mtu mzima aligeuza mabega ndipo apite. Sisi tuliishi huko nyuma.

Tulifikaje? Babu yangu, tuliyemwita Kuka kama wajukuu wote wa kwetu, alijiunga na watu wa kutoka Bungoma walionunua shamba la mzungu alipoondoka. Ardhi ikagawanywa kwa kura, na Kuka akapata kipande chenye nyumba. Alishangilia kama mtu aliyepata mtoto uzeeni. Akaamua kwamba baba yangu, mwanawe wa kwanza, ahamie humo pamoja naye, na mke wake na watoto wake, mimi na kaka yangu Wafula.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwetu mtoto wa kiume akishaoa halali tena chini ya paa la baba yake. Mkaza mwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kutokaribiana: hawashikani mikono, hawaketi pamoja, hawatumii mlango mmoja. Sasa utawawekaje ndani ya nyumba moja, hata iwe kubwa kiasi gani? Kukhu, yaani bibi yetu, alimwambia mumewe waziwazi, "Wewe unataka kutuletea aibu. Jengea kijana nyumba yake kule chini, si mbao ziko?" Kuka hakutaka. Aliita wazee kutoka nyumbani Bungoma waje waamue.

Walikuja na makoti yao mazito. Walizunguka nyumba ile siku nzima kama watu wanaonunua ng'ombe, wakigonga kuta, wakifungua na kufunga milango. Nilikuwa mdogo, nikawafuata bila mtu kunifukuza. Kati ya ukumbi na jiko walikuta mlango wa ajabu. Upande wa ukumbini ulikuwa umevikwa kitambaa kizito cha sufu, cha kijani, kilichopigiliwa misumari ya shaba pembeni. Mzee mmoja alikipapasa. Akaufunga mlango akiwa upande wa pili, akapiga kelele kule, kisha akarudi.

"Mmenisikia?"

"Hatukusikia kitu," wenzake wakasema.

"Basi hii si nyumba moja. Nyumba ni mrango. Huku kuna mrango wake, kuna moto wake, kuna ngazi yake ya kupanda. Hizi ni nyumba mbili zimeshikana mgongo tu."

Kuka akacheka kwa furaha. Jogoo akachinjwa, pombe ya busaa ikaletwa, na mlango wa kijani ukapewa sheria: usiachwe wazi. Mbele ni kwa Kuka na Kukhu. Nyuma ni kwa Baba na Mama. Sisi watoto, ambao mwiko haukutuhusu, tulipita kotekote kama kuku.

Nami, kwa akili yangu ya kitoto, nikapata maelezo yangu mwenyewe. Nikaamini kwamba mzungu yule alikuwa na adabu kama yetu. Kwa nini tena ajenge ngazi mbili ndani ya nyumba moja? Lazima alikuwa na kijana aliyeoa. Alimjengea mkaza mwana wake ngazi yake ya nyuma ili wasikutane, akauvika mlango kitambaa ili asisikie maneno ya chumbani kwa wanawe. Kule jikoni kulikuwa na kengele zilizopangwa ukutani, kila moja na waya wake unaotoka chumba fulani cha mbele. Hizo pia nilizielewa: mkwe akitaka chai anavuta kamba, kengele inalia, hakuna haja ya kuonana. Ustaarabu ulioje! Shuleni niliwaeleza wenzangu kwamba Waingereza ni ndugu zetu kabisa kwa mambo ya ukwe, na wakaniamini, maana ni mimi niliyekuwa nalala kwenye ushahidi.

Na kengele zililia kweli, kwa sababu Kuka alizirekebisha. Alivuta asubuhi kwa chai, akavuta mchana kwa maji ya kunawa, akavuta wageni wakija. Mama alipanda na kushuka. Trei la chai alilipitisha kwenye mlango wa kijani, akiusukuma kwa bega, Kukhu akalipokea. Maji ya kuoga ya Kuka yalichemshwa jikoni, yakapandishwa kwa ngazi ile nyembamba, yakaachwa kwenye kijimeza nyuma ya mlango mwingine wa juu, naye Kukhu akayachukua upande wa pili. Mama alikuwa mrefu. Aliinama kila mara kwenye kona, na sehemu ile ya ukuta ilikuwa imeng'aa kwa bega lake.

"Mama, kwa nini usipande na ile nyingine?" nilimuuliza siku moja.

"Ile ni ya baba mkwe wangu. Namheshimu."

"Na yeye anakuheshimu?"

Mama alinitazama kidogo. "Si ndiyo maana hapiti huku?" akasema.

Nilikubali. Lakini kulikuwa na kitu kilichonikereketa hata wakati ule, nikakosa jina lake. Siku za likizo tulikuwa tunarudi Bungoma, kwenye kijiji cha Kuka, na huko niliona ukwe wa njiani. Njia ya kwenda mtoni ilikuwa nyembamba, mahindi huku na huku. Mama akitokea na mtungi, na Kuka anakuja upande wa pili, ni Kuka aliyekuwa anaacha njia. Anaingia ndani ya mahindi, viatu na vyote, anageuza uso pembeni mpaka Mama apite. Mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Siku nyingine Mama ndiye asiye na mzigo, basi yeye ndiye anayeingia kwenye mahindi. Ilikuwa heshima yenye pande mbili. Kule kwenye nyumba ya matofali sikumwona Kuka akiingia kwenye mahindi hata siku moja.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nimeizunguka vya kutosha.

Mama alikuwa na mimba kubwa. Baba alikuwa safarini na lori la mahindi. Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana, mvua ile ya Kitale isiyo na haraka, na ukuta wa nyuma ukaanza kunuka. Uchungu ulimshika Mama akiwa chumbani juu ya jiko. Mkunga aliitwa, mwanamke mnene wa jirani ambaye watoto wa shamba zima walipita mikononi mwake. Alikaa naye kwa muda, kisha akatokea juu ya ngazi, uso umebadilika.

"Huyu aende hospitali Kitale sasa hivi. Mtoto amekaa vibaya. Na ashushwe akiwa amelala, asisimame, mmenisikia?"

Ami yangu, mdogo wake Baba, alikuwa ameshaleta trekta na tela mbele ya mlango mkuu, kwa sababu uani kulikuwa tope tupu. Alipanda, akaitazama kona ya ngazi, akashika kichwa.

"Hapa mtu hapiti amelala. Hata gunia halipiti."

"Basi mpitisheni mbele," mkunga akasema. "Si ngazi ya mbele ni pana? Mnamshusha na godoro lake."

"Mzee yuko ukumbini na wageni."

"Si atoke!"

Ami hakusogea. Mwanamume mzima, mabega mapana, alisimama pale akitazama miguu yake. Mkunga akanishika bega mimi, akaniambia, "Kimbia umwambie babu yako atoke nje kidogo. Mama yako anapita."

Nikakimbia. Sikuwa na hofu hata kidogo, hili nataka lieleweke. Nilikwenda na furaha ya mtu anayepeleka ujumbe rahisi. Nilijua jibu. Mwenye mzigo ndiye mwenye njia, na mzigo gani mzito kuliko ule? Nilisukuma mlango wa kijani, nikamkuta Kuka ameketi karibu na moto na wazee wa kamati ya maji, vikombe mkononi.

"Kuka, Mama anashushwa na ngazi yako. Ni mgonjwa. Toka nje kidogo apite."

Wageni walianza kuinuka. Mmoja alikuwa ameshachukua kofia yake magotini. Kuka akainua mkono.

"Kaeni, wazee, kaeni. Mvua hiyo mtaenda wapi?" Kisha akanigeukia, bila ukali wowote, kama mtu anayemkumbusha mtoto jambo alilosahau. "Si kuna ngazi yao huko nyuma?"

Nao wakakaa. Watu wazima wanne au watano, wenye mabinti, wenye wake waliozaa, walirudi vitini mwao wakaendelea na chai. Nawakasirikia mpaka leo. Yule wa kofia namkasirikia zaidi, kwa sababu alijua la kufanya, makalio yalikuwa yameshaacha kiti.

Nilirudi na jibu. Mkunga alinitaka nilirudie, nikalirudia. Alilaani kwa Kibukusu maneno ambayo mwanamke mzima halaani mbele ya mtoto. Wakamfunga Mama kwenye blanketi, wakaanza kumshusha. Kwenye kona alikwama. Hakuna aliyeweza kumgeuza akiwa amelala, kwa hiyo wakamsimamisha. Mbao zile zilikuwa zimelika katikati kwa miguu ya miaka mingi na zililowa kwa maji ya mvua kutoka viatuni mwetu. Mguu wake ukateleza. Niliona kwa macho yangu jinsi nyonga yake ilivyopiga ukuta. Mtoto alizaliwa papo hapo, kwenye giza la kona ile, mkunga akiwa amepiga magoti mahali ambapo magoti mawili hayatoshi. Alikuwa msichana. Alilia kidogo tu. Trekta lilipofika lami, mkunga alikuwa ameshamfunika uso.

Walimzika nyuma ya nyumba, upande wa jikoni. Hata kaburini alipitishwa nyuma.

Mama alikaa hospitali mpaka mahindi yakaota. Alirudi anachechemea. Kuka alichinja, aliomba, alitoa pole mbele ya watu, akaendelea kupanda ngazi yake. Kengele iliacha kulia kwa muda, kisha ikaanza tena.

Siku moja nilikuwa na Kukhu kwenye kibaraza cha mbele tukipukuchua mahindi. Nikasema kwa hasira, "Kuka hana adabu. Hata mzungu alikuwa na adabu kumshinda. Alimjengea mkaza mwana wake ngazi."

Kukhu akaacha kupukuchua. "Nani alikuambia hivyo?"

"Najua tu. Ndiyo ngazi ya nyuma. Ili wasikutane na mkwe."

Kukhu alicheka, kicheko kibaya, cha pua. "Mtoto, mzungu hakuwa na mkwe hapa. Hiyo ngazi ilikuwa ya maboi. Ili bibi yake akiwa na wageni asiwaone wakipita na ndoo za choo. Hicho kitambaa ni ili asisikie wakiongea. Na kengele ni ya kuwaita."

"Maboi gani?"

"Babu yako alikuwa nani, unafikiria?"

Nilijua kwamba Kuka aliwahi kufanya kazi kwa mzungu. Yeye mwenyewe alituambia alikuwa mtu wake mkubwa, nami nilimwona akilini juu ya farasi au kwenye trekta. Kukhu akanieleza kwamba alikuwa boi wa nyumba ile ile. Ujana wake wote aliumalizia kwenye ngazi ya nyuma, na trei, na maji ya moto, na viatu vya watu. Ngazi ya mbele aliipanda kwa magoti tu, akiipaka nta.

"Siku moja alishikwa na homa," Kukhu akasema, "miguu inatetemeka, akashuka na hii ya mbele kwa sababu ina kishikio. Yule mama wa kizungu hakupiga kelele. Alimuuliza tu: si kuna ngazi yenu huko nyuma?"

Nilidhani Kukhu anamtetea mumewe. Leo sina hakika. Pengine alikuwa anamshtaki, na alikosa mahakama nyingine isipokuwa mimi na gunia la mahindi. Watu wazima wenye huruma wameniambia nimwelewe Kuka, kwamba aliumizwa, kwamba alikuwa anakaa kwenye kiti alichokililia maisha yake yote. Namwelewa vizuri sana. Ndiyo maana nimekasirika. Asiyejua ningemsamehe. Yeye alijua idadi ya vidato vya ngazi ile gizani, alijua kona inavyobana bega, akampeleka huko mwanamke mwenye uchungu kwa maneno yale yale aliyoambiwa yeye. Mkuki kwa nguruwe, wanasema. Yeye mkuki alikuwa ameuonja. Tena akaufunika kwa jina la heshima, desturi yetu nzuri yenye pande mbili, akaikata upande mmoja ili iingie kwenye nyumba ya mzungu.

Baba aliporudi na kuyasikia yote, hakugombana na mtu. Alituhamisha. Tulirudi Bungoma, tukaanza na chumba kimoja cha udongo chenye mlango mmoja, na Mama akalala humo usingizi ambao sikuwa nimeuona kwake muda mrefu. Kuka na Kukhu walikufa, Baba pia akaenda. Ami zangu wakaiuza nyumba. Ikawa hoteli.

Basi wiki chache baada ya mvua ile ya matofali, binamu yangu anapiga simu: binti yake anaolewa, mimi ndiye nitakayeshona gauni, na sherehe itakuwa pale. Vijana wameipenda kwa sababu ya picha. Nilitaka kukataa. Mama, aliyekuwa anasikiliza, akasema, "Mwambie tutakuja."

Tulifika asubuhi, mimi na mkoba wangu wa pini na uzi, na gauni mkononi ndani ya mfuko wake, Mama na fimbo na leso yake. Nyumba ilikuwa imesuguliwa. Vioo viling'aa, moto uliwaka ukumbini ingawa jua lilikuwa kali. Upande wa nyuma wamepaka chokaa, na pale jikoni, mahali ninapopajua, wamejengea mitungi ya gesi. Kijana mwenye tai alitujia mbio.

"Karibuni. Nyinyi ni wa nguo ya bibi harusi? Sawa. Wafanyakazi na mafundi mnapitia huko nyuma, mama. Hii ngazi ni ya wageni. Ni ya historia, hatutaki ikwaruzwe."

"Historia gani?" Mama akauliza.

"Ya wazungu. Walijua kujenga bana. Ona huo mlango wa kijani. Ati kelele ya watumishi isitoke jikoni."

Wakati ule ule mlango ukafunguliwa. Msichana mmoja wa hoteli aliingia na trei la vikombe, akiusukuma kwa bega, akawaona wageni, akarudi haraka kama aliyekanyaga moto. Mimi ni mtu wa vitambaa. Sufu ilikuwa ile ile. Upande aliosukuma msichana, mbao ilikuwa imeng'aa kwenye kimo cha bega, na niliyajua mabega mawili kati ya yaliyoing'arisha, la Kuka na la Mama.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya miaka mingi, na kijana yule angeyapata yote, ya kwake na yasiyo yake. Nilikuwa nimeshamuuliza kama mama yake mzazi naye humpitisha nyuma, sauti imepanda, wageni wamegeuka, Mama aliponigusa mkono.

"Hiyo ngazi ya nyuma naijua kukushinda, kijana yangu," akamwambia taratibu. "Kuna mtu wangu nimemwacha huko kwenye kona."

Akaweka fimbo yake kwenye kidato cha kwanza cha ngazi ya mbele, akapanda. Alipanda polepole sana, mguu mzuri kwanza, halafu ule mwingine. Hakuna aliyemzuia. Kijana wa tai alitoa mikono yake mifukoni, akasimama wima bila kujua kwa nini.

Tulimvalisha bibi harusi, nikabana kiuno, nikashona pindo lililoachia. Mama alikaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha. Watu walipoanza kushuka, alibaki ameketi.

"Niitie Wafula," akasema.

Kaka yangu akaja na suti yake, jasho usoni, akidhani amezidiwa. "Mama, ni mguu?"

"Mguu uko sawa. Tafuta mwenzako mnishushe na hiki kiti. Kama mgonjwa."

Wafula alinitazama. Alimwita binamu, wakainua kiti, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakaanza kushuka ngazi ile pana. Mimi nilitangulia. Chini ukumbini wageni walikuwa wameketi karibu na moto, na walipotuona waliinuka wote, wakasogea, wakaacha njia. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Katikati ya ngazi Mama alinyoosha mikono yake miwili pembeni, kulia na kushoto, mpaka vidole vikatulia. Havikugusa ukuta. Havikugusa kishikio. Alikaa hivyo, mikono imenyooka, akishuka, akitazama nafasi iliyobaki.

"Ona," akaniambia. "Kumbe tungetoshea."